Kitabu Chenye Uzi wa Buluu

4 Februari

Kaka Gundi,

Shikamoo. Natumaini karakana yako bado inanuka uji wa ngano na ngozi, na kwamba bado unagombana na redio.

Nina habari njema. Mlezi wetu ameamua Vitabu vitakatifu vya kundi lote, mia mbili na kumi na viwili, vijalidiwe upya. Nikasema nina ndugu yangu wa tumbo moja anayeifanya kazi hiyo tangu akiwa na miaka kumi na sita. Katibu alikunja uso kwa sababu wewe si mwenzetu. Mlezi akacheka, akasema hata hekalu la kale lilijengwa na mafundi wa kigeni. Basi Katibu atafika kwako wiki ijayo. Tafadhali usimtanie, hana mzaha yule.

Mimi sifundishi tena. Tangu mwaka jana nimewekwa kwenye chumba cha kufulia pamoja na dada wengine saba. Tunachemsha mashuka ya mabweni, ni mvuke kutwa, na vidole vyangu vimekunjamana utadhani vya bibi kizee. Mlezi aliona kwamba darasani nilikuwa naipenda mno sauti yangu. Wewe unayenijua utacheka, lakini ni kweli.

Jambo jingine, na usikasirike. Barua zetu hupitia kwa Katibu, zinazoingia na zinazotoka. Zisizojenga hurudishwa au huwekwa. Nimesikia zako tatu zilirudi. Sijui zilikuwa na nini na sikuuliza. Ukitaka zinifikie, usiandike mambo ya kunivuta nyuma.

Msalimie Mama. Mwambie sina kinyongo naye.

Mdogo wako,
Chiriku

(Hapa hakuna anayenijua kwa jina hili. Nimeliandika ili ujue kwamba ni mimi kweli.)


11 Februari

Kwa fundi wa kujalidi vitabu,

Amani iwe kwako. Katibu anakuletea Vitabu pamoja na orodha ya kurasa zetu kumi na nne. Katika kila Kitabu, kurasa hizo zibandikwe zikitazamana, kingo zote, zisifunguke. Najua utajiuliza sababu, na sioni haya kuieleza.

Mtoto mchanga huanza kwa maziwa. Hilo limo ndani ya Kitabu chenyewe, si langu. Limo pia kwamba anayekesha kwa ajili ya roho za wengine ndiye atakayeulizwa habari zao, na kwa hiyo anastahili kutiiwa. Nikimwachia kondoo ajichagulie majani, akala yenye sumu, nitaulizwa mimi. Siku muumini akikomaa, nitamfungulia kwa mkono wangu, ukurasa mmoja baada ya mwingine. Katika miaka kumi na tisa ya kulilea kundi hili sijamwona aliyekomaa, lakini sikati tamaa.

Nimeambiwa wewe ni kaka wa dada yetu wa chumba cha kufulia. Ni mtiifu sana. Andiko linatuonya kwamba anayempenda mama yake kupita njia hii haifai njia hii, naye amelishika bila kusukumwa. Una haki ya kujivunia.

Tumia gundi imara.

Mlezi


2 Machi

Chiriku wangu,

Kama unaisoma karatasi hii, basi umeubandua ukurasa nilikoificha. Nilijua tu. Wewe ndiye uliyekuwa ukifungua bahasha za matokeo yetu ya mitihani juu ya birika na kuzifunga tena kabla Baba hajarudi kazini. Hakuna kitu kilichofungwa kikakaa mbele yako siku mbili.

Nisikilize. Mama anaumwa figo. Miguu imevimba hadi hana kiatu kinachomwingia, anavaa ndala zangu. Daktari hakuzungukazunguka: miezi miwili, labda mitatu. Barua zangu tatu zilikuwa na habari hiyo tu. Zote zilirudi na neno moja kwa kalamu nyekundu, "Haijengi".

Anakutaka uje. Hataki umuuguze, hilo nalifanya mimi, vibaya, lakini nalifanya. Unakumbuka siku uliyoondoka alisimama mlangoni akasema, "Leo nimebaki na mtoto mmoja." Miaka minne sasa neno hilo linamla. Nikamwambia nitakuandikia kwamba amelifuta. Akakataa. Anasema alilokwambia ana kwa ana ataliondoa ana kwa ana. Amenifanya nisogeze kiti chake mkabala na mlango, na hapo ndipo anaposhinda.

Sasa kuhusu ukurasa huu. Nimeuchagua makusudi. Una habari ya wana wanaowaambia wazazi wao kwamba kile walichopaswa kuwapa kimeshawekwa wakfu, hakiguswi tena, na walimu wa dini wanawasifu kwa hilo. Usome mpaka mwisho uone walimu hao wanaambiwa nini. Mimi si mtu wa ibada, unanijua, lakini nilipouona umo kwenye orodha ya Mlezi nilitafuta pa kukaa.

Kuhusu gundi, Katibu anaamini ni ya nguvu. Ni uji wa ngano. Mzee aliyenifundisha kazi alikuwa akisema usikifanyie kitabu jambo ambalo fundi mwingine hawezi kulifumua. Mvuke kidogo unatosha, na wewe unaishi ndani ya mvuke. Vyote mia mbili na kumi na viwili nimevibandika hivyohivyo. Kazi hii inanitia aibu. Nimeikubali kwa sababu sikuona njia nyingine ya kukufikia.

Njoo kabla Aprili haijaisha. Ukifika, usigonge.

Kaka yako


2 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Kazi imekwisha na Katibu anaichukua leo. Amekagua Kitabu kimoja kimoja, akivuta kingo kwa ukucha mpaka nikauonea huruma ukucha wenyewe. Sikumtania, nastahili pongezi.

Chako nimekishona kwa uzi wa buluu. Vingine vyote vina uzi mweupe. Jalada lake ni la ngozi laini iliyokuwa imebaki kwenye kazi ya hakimu mmoja, kwa hiyo umevaa sawa na sheria. Kitazame vizuri, ndani na nje, kama ulivyokuwa ukitazama vitu zamani.

Mama anakusalimu sana, sana. Redio imekufa, kwa hiyo siku hizi nashinda kila ugomvi.

Kaka yako,
Gundi


29 Machi

Kaka Gundi,

Shikamoo. Kitabu nimekipata. Uzi niliuona Katibu alipokuwa bado hajaniita, nikajua umekumbuka sare yetu ya shule. Wenzangu wanakishikashika jalada kama wanunuzi wa vitambaa. Asante.

Siku ya kugawiwa, Mlezi alitueleza maana ya kurasa zilizobandikwa. Alisema hata mbinguni kimetajwa kitabu chenye mihuri, na waliotazama wote walionekana hawastahili kuivunja. Dada mmoja akauliza ni nani basi aliyemfungulia yeye Mlezi. Dada huyo amepewa siku thelathini za kunyamaza. Tunakunja naye mashuka, yeye ncha zake na mimi zangu, na hatusemi kitu.

Nikuambie jambo la aibu. Nilijaribiwa. Pana mahali kurasa zangu ni nene kuliko za wenzangu. Nilipapasa. Unanijua, mikono ilikuwa inawasha. Siku ya tatu nikaenda mwenyewe kwa Mlezi kukiri. Alikichukua Kitabu, akaweka dole gumba juu ya ukurasa, akaubonyeza mara mbili, kisha akanirudishia. Akasema, "Dada, huo ni uzito wa utii. Ubebe." Nilitoka pale nikilia kwa furaha.

Tangu siku hiyo sijaugusa tena. Tukiwa kazini nakifunga Kitabu kwa nailoni mara mbili, nakiweka kifuani ndani ya aproni, mvuke usije ukaharibu kazi ya mikono yako. Kwa hiyo usiwe na wasiwasi, kila ulichokibandika kimeshika. Chiriku wako amejifunza kuacha kitu kikiwa kimefungwa. Najua Mama hataamini.

Anaendeleaje?

Mdogo wako,
Chiriku


14 Aprili

Mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma mara nne. Nimeielewa, pamoja na nailoni yake. Mtu akitaka kumwambia nduguye hapana mbele ya macho ya Katibu, hawezi kulisema vizuri kuliko hivyo.

Kitabu kilikuambia niliyotaka kukuambia, na wewe umejibu. Una haki ya kukataa. Sikutegemea tu kwamba ungekataa huku umefurahi.

Kiti bado kiko palepale, mkabala na mlango.

Kaka yako


2 Mei

Kaka,

Shikamoo. Barua yako ilinichanganya kichwa, kisha ikanifurahisha mno. Unasema Kitabu kilisema. Nilimsomea Mlezi maneno hayo, akatabasamu, akasema fundi akilishika Neno mwezi mzima, Neno nalo humshika fundi. Ndivyo ilivyo? Ndicho ulichokuwa unanizungushia siku zote hizi? Usinionee haya, Kaka. Mimi nilichukua miaka miwili kukubali, na nilikuwa nimekaa mstari wa mbele.

Lakini unasema nimekataa. Nimekataa nini? Kama uliomba kujiunga nasi, Katibu akakurudisha, mimi sikuambiwa. Niandikie wazi, nami nitakusemea.

Na kiti gani hicho? Cha Mama cha kushonea kilikuwa dirishani kwenye mwanga. Mbona mmekihamisha? Mlangoni si atapigwa na upepo?

Bado hujaniambia anaendeleaje.

Mdogo wako,
Chiriku


21 Mei

Mama amefariki juzi saa nne asubuhi, akiwa kitini. Tumemzika jana. Sijui kama unataka kujua zaidi ya hapo.

Kaka yako

[Pembeni, kwa kalamu nyekundu: Haijengi kwa sasa. Dada huyu yuko katika mfungo wa siku arobaini. Iwekwe mpaka utakapokwisha. Katibu.]


7 Juni

Kwa fundi wa kujalidi vitabu,

Amani iwe kwako, na pole kwa msiba. Barua yako imefika nasi tunaitunza. Dada yako ataipata wakati unaofaa. Usituone wakatili. Yupo mtu katika Maandiko aliyeomba ruhusa akamzike baba yake kwanza, nawe unaweza kusoma mwenyewe alivyojibiwa. Si mimi niliyemjibu.

Ninakuandikia kwa mambo mawili. La kwanza, dole gumba langu linajua tofauti ya karatasi mbili na karatasi tatu. Nilijua mwezi Machi kwamba kuna kitu umekitia kwenye Kitabu cha dada yako. Sikukifungua, na sikumwambia. Nilimwachia mtihani wake, naye ameushinda vizuri kuliko nilivyotarajia. Mpaka leo hajakifungua. Ungekuwa mmoja wetu ungefurahi pamoja nami.

La pili, kundi letu la pili lina Vitabu tisini. Kazi yako ni safi na sina sababu ya kutafuta fundi mwingine. Safari hii usiongeze chochote.

Mlezi


2 Julai

Kaka,

Barua hii haijapita kwa Katibu. Nimempa dereva anayetuletea sabuni.

Mfungo uliisha juzi. Jana Katibu alinipa barua yako ya Mei, akasimama mlangoni nikiisoma ili anipe andiko la kunifariji. Alinipa. Silikumbuki. Kisha akaniambia nirudi kazini kwa sababu mashuka yalikuwa yameanza kuchemka.

Nilirudi. Nikakitoa Kitabu kwenye nailoni, nikakishika juu ya pipa la mashuka. Sikuwa na ushujaa wowote, nilitaka tu kuvunja kitu, na hicho ndicho kilichokuwa mkononi. Kurasa ziliachana upesi kuliko chai inavyochemka. Karatasi yako ikateleza ikaangukia kwenye maji ya sabuni, nikaitoa kwa mikono mitupu. Wenzangu walisimama wakitazama. Ilisomeka yote.

Nimesoma barua yako, kisha nikasoma ukurasa mpaka mwisho, kama ulivyoniambia. Kaka, zaidi ya miezi mitatu nimetembea na Mama kifuani. Nimelala naye, nimesali naye, na nimemfunga nailoni asije akanifikia.

Nakukasirikia. Uliandika kwa nyuzi na kwa mvuke wakati miguu unayo. Ungekuja getini ukapiga kelele mpaka wakuitie polisi. Ungenidhalilisha, ningelia, lakini ningejua. Na vile Vitabu vingine mia mbili na kumi na kimoja ulivibandika kwa brashi yako mwenyewe, eti kwa ajili yangu. Dada aliyeuliza swali akanyamazishwa, kurasa alizoulizia zimefungwa na mkono wako. Najikasirikia zaidi ya ninavyokukasirikia wewe, lakini hilo halikupunguzii.

Nilikwenda kwa Mlezi nikamwonyesha karatasi. Hakukana kitu. Akasema baba wa imani naye aliombwa mwanawe, na hakuuliza sababu. Nikamwambia yule alirudishiwa mtoto wake. Mlezi akafungua Kitabu chake, akakifunga tena. Miaka minne nimekaa mbele yake, sijawahi kumwona akikosa andiko. Nilidhani nitafurahi.

Leo asubuhi dada wanne wamekuja na Vitabu vyao kwenye pipa. Sikuwaita. Nimewashikia mlango.

Nina swali moja, na sitaki unifariji. Mama alikufa akijua sijaisoma barua, au alikufa akiamini nimeisoma nikakataa kuja?

Chiriku


9 Julai

Chiriku,

Dereva wa sabuni atakuletea hii. Hutaki nikufariji. Sawa.

Barua yako ya Machi nilimsomea Mama kwa sauti. Nilipofika kwenye nailoni alicheka kidogo, akasema, "Huyo hajafungua." Nikamwambia, Mama, amefungua, anasema kwa mafumbo kwa sababu ya Katibu. Akasema, "Mwanangu hana mafumbo. Akisema hajafungua, hajafungua. Mwandikie tena, na safari hii umwandikie waziwazi. Au uende."

Nilibisha. Nilijiona mjuzi wa kusoma yasiyoandikwa, mimi niliyeshinda na vitabu maisha yangu yote. Nilisema nikiandika wazi itarudi, nikienda utanifungia mlango mbele ya watu wako. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimekukasirikia na hasira ilinikaa vizuri. Kila asubuhi aliniuliza kama nimeandika. Kila asubuhi nilisema kesho. Barua yako ya Mei ilipokuja, ukiuliza nimekataa nini, hata sikumsomea. Nilisema moyoni, bado anaigiza.

Wiki ya mwisho alipokuwa hawezi kuinua kichwa, nilimwambia nimeshaandika na wewe uko njiani. Basi akawa anautazama mlango. Hakufa akikulaumu. Alikufa akikungoja, kwa sababu mimi nilimwambia unakuja. Hilo ndilo jibu lako, na nimeliandika mara sita tangu Mlezi aniandikie mwezi Juni kwamba ulikuwa hujafungua. Mara zote sita nililichana.

Usemayo kuhusu brashi yangu ni kweli. Vitabu tisini vya kundi lao la pili vililetwa hapa na orodha ileile. Nimevirudisha bila kuvigusa. Watapata fundi mwingine, na huyo atatumia gundi ya kweli.

Ndala zangu ziko kando ya kiti bado. Nimeshindwa kuzivaa.

Niliambiwa nikuandikie waziwazi, sikufanya. Barua hiyo naiandika sasa, kama alivyosema niiandike:

Mama ni mgonjwa. Anakuomba uje nyumbani. Amekaa mkabala na mlango, ana neno la kukuambia. Ukifika, usigonge.

Kaka yako